Mama Miamba, Aliyeungoja Mlima Upande

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1969 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, chumba cha mwisho upande wa karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, fundi wa breki za mabehewa, alishatangulia. Mama yake yuko hapa mbele, na tarehe niliyoisoma ni yake. Cheti kina tarehe nyingine. Mama anasema cheti kiliandikwa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, na katika mambo ya nani alizaliwa lini mimi sibishani na aliyekuwepo.

Mimi ni mume wake. Nauza mabati na misumari, wengi wenu mnanijua kwa hilo. Familia iliona niandike mimi, kwa sababu wengine wote walikuwa wanalia.

Tangu mdogo alipenda mawe. Njia ya reli imetandikwa kokoto, naye alikuwa akirudi nyumbani nazo mifukoni. Mama akifua, gauni linagonga karai. Jioni alimpelekea baba yake jiwe moja na kumuuliza limetoka wapi.

"Machimboni," baba alimjibu.

"Na machimbo yalilitoa wapi?"

"Mlimani, huko juu."

"Na mlima ulitoka wapi?"

"Mke wangu, hebu njoo umchukue mtu wako hapa."

Mama anasema swali hilo la tatu halikuwahi kujibiwa chini ya paa lake, na ndilo lililomwondoa binti yake nyumbani.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mbao, akamaliza mwaka 1983. Mwaka uliofuata alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, ng'ambo ya bonde. Huko kitabu cha jiografia kilisema kwamba milima mirefu hutokea pale sahani mbili kubwa za dunia zinapogongana. Mwalimu alisoma sentensi hiyo kama ilivyo. Marehemu akanyoosha mkono. "Mwalimu, sahani zikigongana si zinavunjika? Huo mlima unatoka wapi?" Mwenzake wa dawati la nyuma akadakia, "Na vyombo vyote hivyo anaosha nani?" Darasa likaangua kicheko. Aliyesema utani hakuonekana, aliyeuliza swali akapewa adhabu ya kusugua sakafu ya bwalo. Toka siku ile hakulitamka tena neno sahani katika habari za dunia. Alisema mabamba, na aliwasahihisha watu kwa ukali, hata wageni wakiwa mezani.

Alipata shahada ya kwanza ya jiolojia mwaka 1993, na ya pili mwaka 1997, ng'ambo, mahali alikosema baridi iliingia mpaka kwenye meno. Akarudi na sanduku moja la nguo na mawili ya mawe. Mwezi Februari 1998 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha mji wa chini. Ofisi yake ilikuwa ya ghorofa ya chini, mwisho wa korido, yenye sinki lisilopitisha maji na rafu zilizopinda kwa uzito. Alikaa humo mpaka alipougua. Wanafunzi walimpa jina la Mama Miamba. Alijifanya hajui.

Tulikutana Julai mwaka huohuo, uwanjani kwangu. Alikuja kununua mabati ya jiko la mama yake. Dakika chache kabla hajafika, dereva wangu alikuwa amerudisha lori nyuma bila kuangalia, akalibana rundo zima la mabati ukutani. Yale ya juu yaliinuka mgongo. Ya chini yalichomoka yakapanda juu ya wenzake. Mimi nilikuwa namwambia dereva maneno ambayo hayasomwi mbele ya mama mkwe. Nageuka, namwona mwanamke amesimama anayatazama yale mabati kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituoni.

"Haya unauza?"

"Hayo yameharibika, dada. Mazima yako upande huu."

"Mazima nitachukua ya jikoni. Haya nayataka kama yalivyo. Msiyanyooshe."

Utingo akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika, "Bosi, huyu ndiye mteja tuliyekuwa tunamwomba kwa Mungu."

Nikamtajia bei ya mabati mapya. Akaniangalia mpaka nikaona aibu kidogo.

"Kaka, umeyaharibu mwenyewe, halafu unataka nilipe kama yamenyooka?"

"Mkunjo kama huu hutaupata duka jingine mji huu."

"Hilo kweli. Basi na usafiri ni juu yako. Mpaka ndani ya darasa."

Nimenunua na kuuza maisha yangu yote, nilianza na misumari ya kuokota kwenye nyumba zinazobomolewa. Najua mtu akinishinda. Nikayapeleka mwenyewe.

Darasani nilikaa mlangoni nikisubiri vijana wamalize kushusha. Akafundisha palepale, mkono juu ya bati. Aliwaambia kwamba ganda la dunia limegawanyika mabamba mabamba, na mabamba hayatulii, kwa kuwa mwamba ulio chini yake una joto jingi na unajongea kama lami siku ya jua kali. Bamba moja limebeba nchi kavu, linasukumwa kuelekea jingine lililobeba nchi kavu pia. Katikati pana bahari. Sakafu ya bahari inazamishwa chini ya bamba la pili, bahari inapungua upana mwaka hadi mwaka, mpaka haipo. Hapo nchi kavu mbili zinakutana uso kwa uso. Zote ni nyepesi, hakuna inayokubali kuzama. Kilichokuwa tope la baharini, ambacho zamani kilishakuwa mwamba, kinabanwa kinakunjika, kikishindwa kukunjika kinakatika, na tabaka la chini linabebwa kuwekwa juu ya la juu. Huo ndio mlima. Akasema safu yetu hii ilianza kubanwa zaidi ya miaka milioni arobaini iliyopita, na kwamba kule kileleni, ukivunja jiwe, unakuta makombe ya wadudu wa baharini waliokufa bila kujua kwamba watapandishwa.

Kisha akasema tunachokiona ni sehemu ndogo. Chini ya mlima kuna mzizi mnene, na mlima pamoja na mzizi wake unaelea kama boriti majini. Mvua inaumega kila siku, mito inabeba vipande, na uzito ukipungua mzizi unausukuma juu tena. Mabamba yanapandisha, mvua inashusha.

Mimi pale mlangoni nikauliza, "Na hii kazi iliisha lini?"

Darasa zima likageuka kumtazama muuza mabati.

"Haijaisha," alinijibu. "Inaendelea sasa hivi, chini ya viatu vyako."

"Mlima huu nauona tangu nizaliwe. Haujapanda hata kidole."

"Unaye mtoto?"

"Sina."

"Ukimpata, hutamwona akirefuka. Utaona tu sketi imekuwa fupi."

Nikamwambia mimi silipii mzigo ambao sijauona. Nithibitishie kwamba unapanda. Akasema, "Nipe muda." Biashara hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo mpaka mwisho.

Tulifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1999. Tulijaliwa binti mmoja, mwaka 2002, ambaye leo ni fundi umeme wa lifti. Nyumba yetu ilikuwa ya kawaida, isipokuwa kwamba mtu akitaka kukaa lazima kwanza ahamishe jiwe. Marehemu hakujua kupika kitu chochote kwa moto mdogo. Hakujua kuchelewa. Alikuwa na mkono mzuri kwa wanafunzi wagumu. Alikuwa akigombana nami kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilinitisha kuliko makelele.

Mwaka 2005 nilinunua kiwanja mteremkoni, juu ya mji, kwa ajili ya nyumba ya uzeeni. Sehemu yake ya juu ni mwamba mtupu, huchimbi msingi hata ukiwa na sururu. Miaka saba baadaye marehemu aliniomba sehemu hiyo.

"Nipe pale pasipojengeka."

"Ufanyie nini?"

"Nisimamishe nguzo. Nikulipe deni lako."

Nikampa, kwa makubaliano kwamba mawe yasiingie tena chumbani. Makubaliano hayo aliyavunja ndani ya wiki.

Nguzo ilisimamishwa Juni 2012. Ni ya zege, imezamishwa ndani ya mwamba, inafika kifuani mwa mtu. Juu yake chuo kiliweka chombo cha duara kama bakuli lililofunikwa, kinachosikiliza setilaiti usiku na mchana na kujua mahali kilipo hadi unene wa ukucha. Kando kuna paneli ya sola na sanduku la betri. Kazi yake ni kukaa palepale bila kuguswa. Mlima ukipanda, nguzo inapanda nao, na setilaiti zinaona. Lakini mlima unapanda kwa milimita chache tu kwa mwaka, na kuna mambo mengine yanayoinua na kushusha ardhi: mvua ya masika ikiingia ardhini, kiangazi, hata joto la zege lenyewe. Marehemu aliita mambo hayo kelele. Alisema ili sauti ya mlima isikike juu ya kelele ile, anahitaji miaka kumi, mfululizo, nguzo haijaguswa. Na alikataza mtu kupiga hesabu kabla. "Ukihesabu mapema," alisema, "unahesabu kelele halafu unaipa jina la mlima."

Kila Jumamosi alipanda kufyeka majani, maana yakirefuka yanakiziba chombo, na kufuta vumbi kwenye paneli. Mimi nilibaki dukani.

Mwaka 2017 alisafiri kikazi. Masika ilikuwa kali. Mama mkwe akapanda kuangalia kiwanja, akakikuta kile chombo kinanyeshewa. Akaja dukani kwangu.

"Baba, kile kitu cha mwanangu kinalowa, na nyinyi mnauza mabati."

"Mama, sidhani kama kina shida na maji."

"Hudhani. Haya nipimie mabati, na unipunguzie, mimi si mteja wa njiani."

Nikampunguzia. Akamchukua fundi wangu, yule tunayemwita Kofia, wakapanda. Kofia ni fundi mzuri, na mvua ile ilikuwa ya upepo, kwa hiyo hakutaka paa lipeperuke. Akatoboa zege la nguzo kwa mashine, akafunga vyuma vya pembe kwenye nguzo yenyewe kwa boliti, akaezeka juu paa la pande mbili lenye kofia ya bati pale pande zinapokutana. Paa zuri sana. Hata mimi nilipopanda kuliona nilimpongeza.

Marehemu alirudi akakuta chombo hakisikii chochote. Setilaiti haziongei na bati. Hilo lingekuwa dogo, angeezua tu. Kubwa lilikuwa yale matundu. Nguzo ilikuwa imetikiswa, imesogea kidogo ndani ya mwamba, na hakuna mtu duniani aliyeweza kusema kidogo hicho ni kiasi gani. Ni kama umekuwa ukimpima mtoto urefu kwenye mlango, halafu mtu akauhamisha mlango. Alama za zamani na za sasa haziunganiki.

Alikaa juu ya mwamba. Mama yake alikuwa amesimama pembeni anasubiri shukrani.

"Mama," alisema, "hiki kinasikiliza mbinguni."

"Sasa si ungesema! Mtu unaacha kitu uani bila maelezo."

"Ni kweli. Ningesema."

Hakusema zaidi ya hapo, wala siku hiyo, wala baadaye. Walimuuliza chuoni nani alitoboa nguzo, akajibu, "Mvua ilikuwa kubwa." Mama amejua ukweli wote juzi, kwa sababu mimi na binti yetu tulimwambia kabla sijasoma haya mbele za watu. Ameniruhusu. Amesema nisome, ili watu wajue mwanawe alivyomlea mama yake. Kofia naye yupo, ndiye aliyejenga kaburi hili, na ameruhusu pia.

Miaka ikaanza kuhesabiwa upya, Mei 2017. Kumi ingetimia Mei 2027. Marehemu alikuwa na miaka arobaini na saba. Alisema ana muda.

Oktoba 2022 alianza kukataa chakula. Alidhani ni tumbo la kawaida. Januari 2023 daktari, baada ya picha, alitueleza kwamba ni saratani ya kongosho. Nilimuuliza daktari tunazungumzia muda gani. Akasema hawezi kusema. Nikamwambia aseme tu, tutaelewana. Akaniambia, "Mzee, hapa hakuna kuelewana." Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha korido ile nikisoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalijua. Marehemu alitoka akiwa amebeba mkoba wake mwenyewe, akaniuliza kama lori la misumari limefika.

Hakuwahi kuniambia kwamba miaka haitatosha. Mimi nilipiga hesabu hiyo kichwani peke yangu, na najua yeye aliipiga kabla yangu. Alichosema ni hiki: "Nisipokuwepo, nguzo isiguswe. Si lazima nione mimi. Ila ikiguswa, hataona mtu." Hilo tu ndilo aliloniomba katika ugonjwa wake wote. Hakuomba tiba ya ng'ambo, hakuomba kupelekwa popote.

Novemba 2023 kampuni ya machimbo ikaanza kuchonga barabara ya malori kupanda mteremko. Alama za rangi nyekundu zilipita mita chache chini ya nguzo. Mwamba ule haupasuki kwa sururu, unahitaji baruti. Marehemu alikuwa amelazwa, amekuwa mwepesi, analala mchana. Nilimfuata msimamizi wa barabara, kijana mnene mwenye kofia ngumu, kwenye kontena lake.

"Mzee, mchoro umeshapitishwa."

"Mchoro umechorwa na watu. Pindisha kidogo tu hapa, upite chini ya ule mtaro wa maji ya mvua."

"Chini ya mtaro kuna nini?"

"Kuna uwanja wangu wa mabati."

Akacheka. "Sasa unaniambia nipite dukani kwako?"

"Nakuambia. Ni tambarare, hakuna mwamba, hakuna baruti. Unaokoa wiki ngapi?"

"Na wewe unapata nini?"

"Hakuna kulipua juu ya mtaro. Kwa maandishi."

Aliniangalia vile wateja wanavyoniangalia nikishusha bei haraka mno. Akauliza kuna nini pale juu. Nikamwambia kuna nguzo ya mke wangu. Akauliza kaburi? Nikasema bado.

Tulisaini. Uwanja niliouanza na kibanda kimoja sasa ni barabara ya malori, na duka langu limebaki chumba cha mbele. Mnaonikuta nimebanana na mabati mpaka mlangoni, mjue ndiyo sababu, biashara haijafa.

Nilipofika wodini marehemu hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Imepita wapi?"

"Chini ya mtaro."

Akafikiri. Anaijua ramani ya pale kuliko mtu yeyote. "Chini ya mtaro ni uwanjani kwako."

"Nimewapangisha."

"Wewe? Umepangisha uwanja?" Akafumba macho. "Walikupunja."

"Kidogo."

Akaushika mkono wangu. Sina la kuongeza hapo.

Aprili 2024 ilionekana wazi kwamba hatatoka. Nikaenda chuoni kwa mwalimu mmoja ambaye alikuwa mwanafunzi wake, na ndiye anayetunza vipimo vya nguzo. Nilimwambia apige hesabu, alete tarakimu yoyote, amwambie mwalimu wake kwamba mlima umepanda. Nikamwambia mgonjwa hatakagua. Akaniambia, "Baba, kwa miaka hii saba naweza kupata tarakimu, lakini inaweza kuwa ya mvua." Nikamwambia alete hiyohiyo ya mvua. Akakataa. Nikaongeza, nikapunguza, nikazunguka, nilitumia kila ninachojua. Akakubali kuja wodini, basi.

Akaja jioni moja akasimama miguuni mwa kitanda na begi lake mgongoni. Marehemu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaelewa yote.

"Huyu mume wangu amekutuma na mzigo."

Mwalimu yule akawa hana pa kutazama. "Ndiyo, mwalimu."

"Umeubeba?"

"Hapana, mwalimu. Bado haujafika."

"Vizuri." Akapumzika kidogo, akanigeukia mimi. "Mume wangu, tangu lini unamuuzia mtu kitu ambacho hakijafika dukani?"

Nilimjibu kwamba kwake nilikuwa natoa bure. Akacheka, na kicheko kilimuumiza, muuguzi akaja. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi. Nilikuwa koridoni nikisubiri wamalize kubadilisha shuka. Muuguzi alitoka akiwa bado ameshika foronya. Aliniambia nikae. Nikakaa. Baadaye nilitoka nje, malori yalikuwa yanapita, watu walikuwa wananunua vocha, na mlima ulikuwa pale ulipo. Niliutazama kwa muda. Sikuona tofauti yoyote.

Siku ya pili ya msiba mkuu wa idara ya chuo alikuja kutupa pole. Alikaa turubaini, akanywa chai, akasema maneno mazuri na ya kweli. Kisha akakohoa.

"Mzee, si mahali pake, ila kuna suala la kile chombo. Mradi ulikuwa kwa jina la marehemu. Sasa inabidi tukiondoe, kuna kituo kingine kinakihitaji."

Nikamuuliza kikiondolewa kikarudishwa baadaye inakuwaje.

"Inabidi kuanza upya."

"Kumi tena."

"Kumi tena."

Nilimwambia nguzo iko kwenye kiwanja changu, na njia ya kufika huko ni yangu pia. Nikamwambia sifungi njia kwa mtu wa chuo, leo wala kesho, lakini ninataka anisikilize. Chombo kikae mpaka Mei 2027. Betri nitanunua mimi. Majani nitafyeka mimi, paneli nitafuta mimi, na fundi hataingia pale hata kwa bisibisi. Kwa upande wao watoe kitu kimoja, yule mwalimu aendelee kutunza vipimo.

"Mzee," mkuu aliniuliza, na hakuwa na ubaya, "wewe si ndiye usiyeamini? Marehemu alikuwa akitusimulia."

"Siamini. Ndiyo maana nataka imalizike."

Alitazama kikombe chake. Akasema atahitaji kuandika maelezo kwa wakubwa. Nikamwambia aandike hapohapo, binti yetu akamletea kalamu. Karatasi ilirudi jana, na saini. Chombo kinabaki.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, kaka wawili, mdogo wake wa kike, wapwa na watoto wa kaka ambao wote wamewahi kupewa jiwe siku ya kuzaliwa badala ya zawadi, na wanafunzi wengi mno, ambao leo nimewaona wameinama wanaangalia udongo wa kaburi lake unaonyesha tabaka gani. Wasikatazwe.

Kaka mkubwa alishauri niseme hapa kwamba sasa marehemu yuko mahali anapojua jibu. Pengine. Mimi sijui, na yeye hakupenda mtu aseme asichokijua. Ninachoweza kuahidi ni kidogo. Mei 2027, Mungu akitubakiza, hesabu itapigwa mara moja, na yule aliyekataa kunidanganyia. Majibu yataletwa hapa, yasomwe kwa sauti kama nilivyosoma haya, yawe ni kwamba mlima umepanda, umeshuka au haukusogea. Hatutayapunguza wala kuyaongeza. Na leo ni Jumamosi, kwa hiyo tukimaliza hapa napanda kufyeka. Anayetaka kunisindikiza avae viatu vigumu.

Mke wangu, lala. Upumzike kwa amani, zamu hii ni yangu.